John Browning: Fundi wa Utah aliyeifanya bastola itoshe mfukoni

Huenda umewahi kumwona askari akivuta nyuma kile kipande cha juu cha bastola yake, kisha akakiachia kikarudi mbele kwa kishindo. Kipande hicho, kinachoufunika mtutu na kuteleza juu yake, kinaonekana leo karibu katika kila bastola ya kisasa. Aliyekibuni ni Mmarekani mmoja, John Moses Browning, aliyefariki dunia mwaka 1926.

Browning alizaliwa Januari 23, 1855 katika mji wa Ogden, Utah, magharibi mwa Marekani. Baba yake, Jonathan, alikuwa fundi bunduki na muumini wa kanisa la Mormon. Alikuwa na wake watatu na watoto 22. John alikulia kwenye karakana ya baba yake, katikati ya mitutu iliyopasuka, springi zilizokatika na bunduki za wakulima na wawindaji zilizoletwa kutengenezwa. Akiwa na miaka kama 10 aliokota mtutu mbovu na kipande cha ubao, akajitengenezea bunduki yake ya kwanza. Wanaoishi vijijini ambako mafundi bado wanaunda magobore watamwelewa kijana huyo bila maelezo marefu.

Jambo moja alijifunza hapo mapema. Bunduki iliyoletwa karakanani ilikuwa imemwangusha mwenyewe. Kila siku alikuwa akiona kinachoharibika na sababu yake, na hilo naliona kuwa ndilo shule yake kubwa.

Mwaka 1879 baba yake alifariki, na mwaka huohuo John alioa na kupata hataza yake ya kwanza, ya bunduki ya risasi moja. Yeye na ndugu zake waliitengeneza Ogden kwa mikono na mashine chache. Mwaka 1883 kampuni kubwa ya Winchester ilimtuma mkuu wake, Thomas Bennett, asafiri hadi huko, naye akainunua haki ya bunduki hiyo kwa dola 8,000. Kwa karibu miaka 20 iliyofuata Winchester iliendelea kununua kazi za Browning, zikiwemo nyingi ambazo haikuzitengeneza kamwe. Iliziweka kabatini tu, washindani wasizipate.

Majani yaliyoinama

Mwaka 1889 hivi, Browning alikuwa kwenye mazoezi ya kulenga shabaha alipoona kitu ambacho kila mwenye bunduki alikuwa amekiona mara nyingi. Mwenzake alipofyatua, majani yaliyokuwa mbele ya mtutu yalilala chini kwa upepo wa baruti. Browning aliona nguvu inayopotea bure. Alirudi karakanani na kuanza kujaribu namna ya kuifanya hewa hiyo ya moto ipakie risasi inayofuata. Kutokana na majaribio hayo ilipatikana bunduki ya rashasha iliyotengenezwa na kampuni ya Colt mwaka 1895.

Kisha akageukia bastola. Bastola za wakati huo zilikuwa nyingi za aina ya revolva, yaani zenye gurudumu la kuzungusha risasi. Zilikuwa imara, ila nene, na nyundo yake ilinasa kwenye nguo wakati wa kuichomoa. Browning aliona kwamba katika bastola yenye risasi ndogo, msukumo wa kurudi nyuma unatosha kufanya kazi yote. Ganda la risasi linasukuma kipande cha juu, ganda linatupwa nje, springi inarudisha kipande mbele, na kikirudi kinachukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini iliyo ndani ya mshikio. Vipande vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuwa na kazi yake.

Mwaka 1897 alitia saini mkataba na kiwanda cha FN kilichopo Herstal, karibu na mji wa Liège nchini Ubelgiji. Wakati huo mfalme wa Ubelgiji, Leopold wa Pili, ndiye aliyekuwa akiimiliki Kongo. Bastola ya kwanza ya mkataba huo ilifuatwa na ndogo zaidi. Ya mwaka 1905 ilikuwa na uzito wa gramu 370 hivi, ikabeba risasi sita, na ilitosha kwenye mfuko wa kizibao. Umaarufu wake ulifika mahali ambapo Wafaransa waliita bastola yoyote ya aina hiyo kwa jina la Browning tu.

Ya mwaka 1910 ndiyo ninayoiona kuwa bora kuliko zote za mfukoni. Springi iliuzunguka mtutu wenyewe, kwa hiyo umbo likawa jembamba na laini, bila nyundo ya nje ya kunasa. Ilikuwa na vizuizi vitatu vya usalama: kimoja cha kidole, kimoja nyuma ya mshikio ambacho lazima kiganja kikibane, na kimoja kilichoizuia isifyatuke magazini ikiwa imetolewa. Na mwenyewe aliweza kuifungua bila bisibisi.

Hilo la mwisho lilikuwa na maana kubwa. Bastola ya mfukoni hukaa miezi bila kufyatuliwa, huku ikikusanya jasho, vumbi na nyuzi za nguo. Tena fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na mtutu ambao haukusafishwa mapema baada ya kufyatuliwa ulishika kutu. Springi ya magazini ikilegea, risasi hazipandi vizuri. Mwenye silaha asiyeweza kuifungua hawezi kuyaona haya mpaka siku ya hatari, na siku hiyo huwa amechelewa.

Risasi 6,000

Machi 1911 jeshi la Marekani lilipambanisha bastola mbili, moja ya kampuni ya Savage na nyingine kubwa iliyobuniwa na Browning kwa ajili ya Colt. Kila moja ilifyatuliwa risasi 6,000 kwa siku mbili. Baada ya kila risasi 100 iliachwa ipoe, na baada ya kila 1,000 ilisafishwa na kupakwa mafuta. Ya Savage ilikwama mara 37. Ya Browning haikukwama hata mara moja. Machi 29 jeshi likaichagua, na lilikaa nayo zaidi ya miaka 70.

Miaka mitatu baadaye ile bastola ndogo ya 1910 iliingia kwenye historia kwa njia nyingine. Juni 28, 1914, mjini Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alifyatua risasi mbili na kumuua mrithi wa ufalme wa Austria, Franz Ferdinand, pamoja na mkewe Sophie. Ilitoka mfukoni bila kunasa na ikafanya kazi kama ilivyoundwa. Sifa zilezile zilizomfaa mtu wa kujilinda zilimfaa muuaji. Vita vilivyofuata vilifika hadi Afrika Mashariki, ambako watu wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi na maelfu kwa maelfu hawakurudi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi hao. Kiwanda cha Herstal chenyewe kiliangukia mikononi mwa Wajerumani mwaka huohuo.

Browning hakuwa mtu wa kuburuzwa. Mwaka 1902 Winchester ilipokataa kumlipa mrabaha kwa kila shotigani, ile bunduki ya marisau, ya muundo wake mpya, alichukua mfano wake akaondoka. Alikwenda kwa kampuni ya Remington, lakini akiwa anasubiri kuonana na mkuu wake, Marcellus Hartley, aliambiwa mzee huyo amefariki ghafla. Basi akapanda meli hadi Ubelgiji, na FN wakaitengeneza.

Aliendelea kuvuka bahari hivyo hadi uzeeni. Novemba 26, 1926, akiwa Herstal, moyo wake ulisimama ndani ya ofisi ya mwanawe Val, kiwandani humohumo. Alikuwa na miaka 71 na hataza 128. Mwili wake ulirudishwa Ogden kuzikwa. Bastola aliyokuwa akiishughulikia ilikamilishwa na fundi wa Kibelgiji, Dieudonné Saive, ikatoka mwaka 1935 ikiwa na magazini ya risasi 13. Imebebwa na majeshi na polisi wa nchi zaidi ya 50.