Wendo Kolosoy: Mwanamuziki aliyefungwa Stanleyville kwa sababu ya wimbo

Wimbo wa mapenzi wa mwaka 1948 ulimpeleka Wendo Kolosoy jela ya Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani. Marie-Louise, aliourekodi na mpiga gitaa Henri Bowane, haukuwa na siasa wala matusi. Lakini Léopoldville ulizuka uvumi kwamba ukipigwa usiku wa manane, wafu wanafufuka. Viongozi wa dini wakakasirika. Wendo akafukuzwa mjini, Wabelgiji wakamfunga kwa muda mfupi na Kanisa likamtenga.

Mto uliomfikisha Stanleyville aliujua vizuri. Alizaliwa Mushie mwaka 1925, akawa yatima angali mdogo, kisha akawa fundi mitambo kwenye meli za mto Kongo, huku akiimba. Ndondi pia alicheza.

Santuri za Cuba zilikuwa zimeingia Kongo. Wendo na wenzake walizisikiliza, wakaimba yao kwa Kilingala. Rumba hiyo haikubagua: bendi zilizofuata ziliichanganya na cha-cha na merengue, na watu wakaendelea kucheza.

Alikuwa rafiki wa Patrice Lumumba, aliyewahi kuwa karani wa posta hapo Stanleyville. Lumumba aliuawa mwaka 1961, Mobutu akatwaa madaraka, na Wendo akanyamaza kwa miaka mingi.

Alirejea jukwaani miaka ya 1990, mzee mwenye sauti ileile ya kuyodeli. Alifariki Kinshasa Julai 28, 2008. Mwaka 2021, UNESCO iliiorodhesha rumba ya Kongo kuwa urithi wa binadamu.