Michael Graham na Ngege wa Ziwa Letu

Wanachama wenzangu, je, mwajua nani alimpa ngege jina lake la kisayansi? Ni Mwingereza Michael Graham, aliyezaliwa 1898. Mwaka 1927 na 1928 alilichunguza Ziwa Victoria, maana hapa ghuba yetu ngege walikuwa wakipungua. Akashauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Tena akaonya: samaki mgeni, mla wenzake, asiletwe bila utafiti wa kina. Baadaye akaongoza utafiti wa uvuvi kwao Uingereza, 1945 hadi 1958. Miaka hiyo ya 1950 mbuta akatiwa ziwani. Graham alifariki 1972. Miaka ya 1980 mbuta akazagaa. Pesa zikaja, lakini fulu wa aina nyingi wakatoweka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, jamani!