Eusébio wa Mafalala



Mhariri wa upande huu wa Kiswahili aliniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa. Wenzangu walionitangulia wameandika juu ya wafalme, watakatifu na wavumbuzi wa mashine. Mimi nimemchagua mchezaji wa mpira. Najua wako watakaocheka, lakini ninayo sababu, nami nitaieleza kwanza.

Mwaka juzi nilikuwa nahodha wa timu ya shule. Siku ya kuchagua wachezaji walikuja vijana zaidi ya arobaini, nasi tulitaka kumi na wanane tu. Mawingu meusi yalikuwa yakija kutoka upande wa Kongo, na sote tulijua kwamba mvua ya huku Rwimbogo haibishi hodi mara mbili. Nikatoa amri ya kupunguza watu upesi: asiye na viatu vya mpira na akae kando. Kijana mmoja mwembamba, mgeni kutoka bonde la Bugarama, akakaa kando pamoja na wenzake. Akangoja mpaka mwisho, kisha akaenda zake bila kuugusa mpira hata mara moja. Mwaka uliofuata baba yake alimhamisha shule. Tulipokutana na shule yake mpya alitufunga mabao mawili, na la pili lilipita katikati ya miguu yangu mimi mwenyewe. Tangu siku ile nimetafuta na kusoma kila habari ya wachezaji waliokataliwa, na katika hao wote hakuna aliyenikaa moyoni kama Eusébio.

Tutoke basi Rwimbogo, tuelekee kusini. Tuipite Burundi, tuikate Tanzania yote mpaka mto Ruvuma, kisha tuifuate nchi ndefu ya Msumbiji hata mwisho wake, kwenye mji wa bandari uitwao Maputo. Zamani za Wareno mji huo uliitwa Lourenço Marques. Pembeni mwake kuna mtaa wa maskini, jina lake Mafalala, wenye nyumba za mbao na mabati. Humo alizaliwa Eusébio da Silva Ferreira tarehe 25 Januari 1942. Baba yake, Laurindo, alikuwa Mzungu mzaliwa wa Angola, mfanyakazi wa reli. Mama yake, Elisa, alikuwa Mwafrika wa Msumbiji. Mtoto alipokuwa na miaka minane baba akafa kwa ugonjwa wa pepopunda, na mama akabaki na mzigo wa kuwalea watoto.

Shuleni Eusébio hakuwa hodari, au tuseme hakuwapo, maana mara nyingi alitoroka kwenda kucheza. Alicheza miguu mitupu, na mpira wenyewe ulikuwa soksi iliyojazwa magazeti. Sisi huku hufunga majani makavu ya migomba, na kila aliyecheza mpira wa namna hiyo anajua kwamba haudundi upendavyo, wala hauendi ulikoupiga. Anayeweza kuutuliza huo hatasumbuliwa na mpira wa dukani. Yeye na rafiki zake walijiita Wabrazili, kwa kuwapenda wachezaji wa Brazili waliokuwa wakisifiwa dunia nzima.

Mjini kulikuwa na vyama vya mpira ambavyo vilikuwa kama watoto wa vyama vikubwa vya Ureno. Desportivo ilikuwa mtoto wa Benfica. Sporting ya Lourenço Marques ilikuwa mtoto wa Sporting ya Lisbon. Eusébio aliipenda Benfica, kwa hiyo alikwenda Desportivo pamoja na wenzake kuomba nafasi. Wakamkataa. Tena hawakumkataa baada ya kumtazama akicheza: walimrudisha bila hata kumjaribu.

Hapo nasimama kidogo. Ni rahisi kuwaita watu wa Desportivo wajinga, lakini hawakuwa wajinga. Ndio waliomkuza Mário Coluna, aliyekwenda Benfica mwaka 1954 na baadaye akawa nahodha wa Benfica na wa Ureno yote. Macho ya kumjua mchezaji walikuwa nayo. Siku ile hawakuyatumia tu. Mimi nawaelewa kuliko ninavyopenda kuwaelewa, maana hata mimi sikumwona yule kijana wa Bugarama akicheza vibaya. Sikumwona akicheza kabisa.

Basi mwaka 1957, akiwa na miaka kumi na mitano, Eusébio akaingia Sporting, timu ambayo watu wa mtaani kwake hawakuipenda, kwa kuwa waliiona ni ya wakubwa na ya polisi. Lakini Sporting walimpa viatu na uwanja, naye akawalipa kwa mabao. Karibu na wakati huo golikipa mmoja wa zamani wa Juventus ya Italia alimwona, na Juventus wakataka kumchukua. Mama Elisa akakataa katakata. Hakutaka kusikia habari za kumpeleka mtoto Ulaya katika umri ule.

Mwaka 1960 timu moja ya Brazili ilitembelea Lourenço Marques, na mwalimu wake alikuwa José Carlos Bauer, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa taifa lake. Bauer alimwona kijana huyo akashangaa. Kwanza akapeleka habari São Paulo, chama chake cha zamani. São Paulo hawakumtaka. Hesabuni, wasomaji: Desportivo wamekwisha kumwacha, na sasa São Paulo. Wa tatu anakuja.

Inasimuliwa kwamba Bauer alipopita Lisbon aliingia kwa kinyozi, akamkuta Béla Guttmann, Mhungaria aliyewahi kufundisha São Paulo na ambaye sasa alikuwa mwalimu wa Benfica. Wakaanza kuzungumza juu ya mpira, kama watu wafanyavyo kwa kinyozi popote, hata Kamembe. Bauer akamtajia kijana wa Msumbiji. Guttmann hakungoja.

Sasa angalieni jinsi Sporting ya Lisbon ilivyompoteza mchezaji aliyekuwa tayari katika timu ya mtoto wake. Wao walimtaka aje kujaribiwa, kama kijana wa akiba, bila malipo. Waliona ni wao, na mtu halipii kilicho chake. Benfica kwa upande wao walikwenda nyumbani Mafalala, wakaketi na mama na kaka yake, wakataja fedha. Kaka akadai mara mbili ya ile waliyotaja, nao wakakubali. Mkataba ukatiwa sahihi na mama, na fedha akapokea mama. Mimi nadhani mama huyu, mjane aliyehangaika miaka yote ile, alifahamu mambo ya mkataba kuliko mabwana wa Sporting.

Desemba 1960 Eusébio alifika Lisbon, na vita vikaanza. Sporting walidai kwamba mchezaji ni wao. Benfica waliogopa asije akaibwa, wakamficha kwa siku kadhaa katika hoteli huko kusini, kwenye pwani ya Algarve. Katika shughuli hizo za siri walimpa jina la bandia, Ruth, jina la kike! Mambo hayo yakavutwa na kuvutwa, hata kijana akakaa miezi mitano bila kucheza. Benfica walipochukua Kombe la Ulaya mwezi wa Mei 1961 kwa kuwashinda Barcelona 3–2, yeye hakuwamo uwanjani. Lakini hakuwa peke yake katika mji ule mgeni. Mama yake alikuwa amempa barua ya kumpelekea Coluna, kumwomba amtunze mwanawe, naye Coluna akamtunza kama mdogo wake.

Tarehe 23 Mei 1961 alicheza kwa mara ya kwanza, mchezo wa kirafiki, akafunga mabao matatu. Mwezi uliofuata, huko Paris, Benfica walikuwa wakipigwa vibaya na Santos ya Pelé. Guttmann akamwingiza kijana wa miaka 19 ambaye hakuna aliyemjua, naye akafunga matatu. Santos walishinda 6–3, lakini watu walitoka uwanjani wakiuliza jina la yule mgeni.

Mwaka 1962, tarehe 2 Mei, Benfica walikutana na Real Madrid mjini Amsterdam kugombea tena Kombe la Ulaya. Puskás wa Madrid alifunga matatu peke yake katika kipindi cha kwanza. Baadaye Coluna akasawazisha, yakawa 3–3. Ndipo Eusébio akafunga penalti, na kisha akafunga kwa mpira wa adhabu. Mchezo ukaisha 5–3. Kijana aliyekataliwa na mtoto wa Benfica sasa amempa mama Benfica kombe la Ulaya.

(Kwa upande, niwaambie jambo la kuchekesha. Mwaka ule ule Guttmann aliomba aongezewe malipo, Benfica wakakataa, naye akaondoka. Kumbe hata wao walijua kuacha mtu aende! Husimuliwa kwamba aliwalaani wasipate tena kombe la Ulaya. Sisadiki laana, lakini Benfica walifika fainali za Ulaya mara nane baada yake, ya mwisho mwaka 2014, wakashindwa zote.)

Mwaka 1965 alipewa Mpira wa Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Lakini siku yake kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni tarehe 23 Julai 1966, katika Kombe la Dunia huko Uingereza. Ureno walicheza na Korea ya Kaskazini mjini Liverpool. Kabla nusu saa haijapita Wakorea walikuwa na mabao matatu na Ureno hawana kitu. Nimeitazama picha ya mchezo huo mara nyingi katika chumba cha kompyuta. Eusébio anafunga la kwanza, na wala hashangilii. Anaukimbilia wavuni, anauchukua mpira mwenyewe na kukimbia nao kwenda katikati, kama mtu aliyechelewa kazini. Alifunga manne mfululizo. José Augusto akaongeza la tano, na Ureno wakashinda 5–3. Katika kikosi cha Ureno cha mwaka ule walikuwamo wazaliwa wanne wa Msumbiji: Eusébio, Coluna, Hilário na Vicente.

Katika nusu fainali Uingereza waliwashinda 2–1. Bao la Ureno lilikuwa lake, kwa penalti, naye alitoka uwanjani akilia mbele ya watu wote. Ureno wakawa wa tatu, na Eusébio akawa mfungaji wa kwanza wa mashindano, mabao 9.

Inasemwa kwamba vyama vya Italia vilimtaka kwa fedha nyingi sana, lakini serikali ya Salazar haikukubali aondoke. Basi alibaki Lisbon mpaka mwaka 1975, akachukua ubingwa wa Ureno mara 11, akapata Kiatu cha Dhahabu cha wafungaji wa Ulaya mwaka 1968 na tena mwaka 1973. Goti lake la kushoto lilipasuliwa mara kadhaa. Kila mlinzi wa Ulaya alijua ni goti lipi. Mwaka aliotoka Benfica ndio mwaka Msumbiji ilipopata uhuru, tarehe 25 Juni 1975. Yeye alikwenda kucheza Marekani na Kanada, akiwa na magoti ya mzee, na hata hivyo mwaka 1976 alichukua ubingwa na timu ya Toronto.

Alifariki Lisbon tarehe 5 Januari 2014, kwa ugonjwa wa moyo. Mimi nilikuwa mtoto mdogo nisiyejua kusoma. Ureno iliomboleza siku tatu, na jeneza lake likazungushwa katika uwanja wa Benfica. Coluna alimfuata mwezi uliofuata, huko Maputo. Mwaka 2015 mwili wa Eusébio ulihamishiwa katika jengo wanamozikwa wakuu wa taifa la Ureno, na yeye ndiye mchezaji wa mpira wa kwanza kulazwa humo.

Narudi Rwimbogo. Yule kijana wa Bugarama nilimwona sokoni Kamembe wakati wa likizo. Nilitaka kumwomba radhi, lakini yeye akanitangulia kunisalimu, akaniita nahodha, akaniuliza habari za shule kama mtu asiyekumbuka lolote. Maneno yakanikwama, nikamwambia tu kwamba anacheza vizuri.

Muhula huu uchaguzi wa timu ni wa siku mbili, si wa alasiri moja, na kila anayekuja ataugusa mpira. Mwalimu wetu wa michezo amekubali. Amekubali pia tuweke sanduku la viatu katika chumba cha michezo, na mpaka leo tunazo jozi tano. Kaka zetu mliosoma hapa, kama mna viatu vya mpira vya zamani, hata vilivyochanika, tuleteeni. Fundi viatu wa hapa atavishona. Namba tunazokosa zaidi ni kuanzia 39 mpaka 42.