Ewart Grogan: Mlowezi aliyemiliki mkonge na maji Taveta

Wakazi wa Marungu na Voi wanaufahamu mkonge kama zao linalostahimili ukame. Hata hivyo, kiwanda cha zao hilo hakiwezi kwenda bila maji. Mlowezi Ewart Scott Grogan alilitambua hilo mapema.

Grogan alizaliwa Uingereza mwaka wa 1874. Alipata umaarufu kwa safari ya kutoka Cape Town hadi Cairo, aliyoikamilisha mwaka wa 1900, akikusudia kuthibitisha kwamba alistahili kumwoa Gertrude Watt. Wawili hao walioana mwaka huo huo, na baadaye wakahamia Kenya.

Mwaka wa 1907 aliwacharaza viboko hadharani Waafrika watatu mbele ya mahakama ya Nairobi. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, lakini tukio hilo halikumzuia kuwa miongoni mwa walowezi wenye sauti kubwa zaidi nchini.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, aligeukia Taveta. Reli iliyojengwa na jeshi la Uingereza kutoka Voi wakati wa vita hivyo ilikuwa imeiunganisha sehemu hiyo na njia ya kwenda bandari ya Mombasa. Aidha, chini ya Mlima Kilimanjaro kulikuwa na chemchemi zisizokauka, zikiwemo zile za Njoro Kubwa. Mfereji ulichimbwa kuyaelekeza maji katika mashamba yake.

Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge hupatikana takriban kilo 4 tu za nyuzi. Majani hukwanguliwa mtamboni, kisha nyuzi huoshwa kwa maji mengi, huanikwa juani na kufungwa marobota. Aliyeshika maji ndiye aliyeshika utajiri huo.

Katika miaka ya 1930 Grogan alijenga kasri lake la Girigan juu ya kilima, likiyatazama mashamba hayo. Gertrude alipofariki mwaka wa 1943, alitoa ardhi jijini Nairobi, na hospitali ya watoto yenye jina la mkewe ikaanzishwa mwaka wa 1947.

Grogan alifariki Afrika Kusini mwaka wa 1967, akiwa na umri wa miaka 92. Watoto wengi wametibiwa katika hospitali hiyo. Huko Taveta, kwa upande mwingine, aliacha mashamba makubwa yaliyozungukwa na watu wasio na ardhi, na mgogoro huo umedumu miongo mingi baada ya uhuru.