Vital Brazil: daktari aliyeonyesha kwamba si kila dawa hutibu kila nyoka

Mama au mlezi, ukimfikisha hospitali mtoto aliyeumwa na nyoka, mhudumu atakuuliza nyoka alionekanaje, mtoto aliumwa saa ngapi, na dalili gani zimejitokeza. Maisha ya daktari mmoja wa Brazili yatakuonyesha kwa nini majibu yako ni muhimu.

Daktari wa vijijini

Vital Brazil alizaliwa mwaka 1865 katika mji wa Campanha. Alihitimu udaktari mwaka 1891, kisha akafanya kazi Botucatu, mkoa wa São Paulo, ambako wakulima wengi waliumwa na nyoka. Alichunguza mimea iliyosifiwa kuwa inatibu sumu, lakini hakupata jibu.

Wakati huo, Mfaransa Albert Calmette, ambaye baadaye alishiriki kuvumbua chanjo ya BCG anayopewa mwanao, alikuwa ametengeneza seramu, yaani dawa ya sumu ya nyoka. Aliitengeneza kwa sumu ya swila wa Asia, na iliaminika kwamba ingetibu sumu ya nyoka wote.

Nyoka wawili, sumu mbili

Vital Brazil alichunguza nyoka wawili wa kwao, jararaca na cascavel. Wote ni jamaa wa kifutu, na kila mmoja ana kishimo kati ya jicho na pua cha kuhisi joto la windo. Cascavel hutambulika kwa njuga mkiani.

Sumu zao hazifanani. Ya jararaca huvimbisha, huharibu nyama na kusababisha kutokwa damu. Ya cascavel huvimbisha kidogo tu, lakini hulegeza kope na misuli na kuharibu figo.

Alithibitisha kwamba seramu ya swila haikuwasaidia walioumwa na nyoka hao. Tena, seramu ya jararaca haikutibu sumu ya cascavel, wala ya cascavel haikutibu ya jararaca. Hivyo alitengeneza seramu ya kila mmoja kwa kutumia damu ya farasi waliodungwa sumu kidogo kidogo, pamoja na seramu ya mchanganyiko kwa mgonjwa ambaye nyoka wake hakujulikana.

Mwaka 1901 akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya Butantan, São Paulo. Wakulima walituma nyoka hai ndani ya masanduku kwa treni, nao wakapewa seramu. Alifariki mwaka 1950.

Wewe ufanye nini?

Kwetu Afrika Mashariki hakuna jararaca wala cascavel, lakini kanuni ni ileile. Kifutu huvimbisha na kuleta maumivu makali. Koboko hulegeza mwili na kuzuia pumzi. Kwa hiyo:

- Mwondoe mtoto karibu na nyoka, umtulize.
- Mvue bangili, pete na nguo za kubana.
- Tuliza kiungo kilichoumwa kwa ubao, kama mfupa uliovunjika.
- Usichanje, usinyonye jeraha, usikaze kamba, usitumie mafuta ya taa wala jiwe la nyoka.
- Kumbuka saa aliyoumwa, rangi na ukubwa wa nyoka.
- Usimfukuze nyoka wala kujaribu kumkamata.
- Mpeleke mtoto hospitali mara moja.

Hata kama hukumwona nyoka, usichelewe. Dalili za mtoto zitamwongoza mhudumu kuchagua matibabu.