Gilbert Fowler: Mwanakemia aliyeyapa majitaka pumzi

NI watu wachache mno miongoni mwa wanaomwaga maji chooni kila asubuhi ambao wamewahi kulisikia jina la Gilbert John Fowler. Hata hivyo, katika fani ya usafishaji wa majitaka jina la Mwingereza huyu halikwepeki, japo halimo kati ya majina ya waandishi wa makala iliyoutangaza ugunduzi anaokumbukwa kwao.

Fowler alizaliwa mwaka wa 1868, akasomea kemia katika Chuo cha Owens mjini Manchester, na baadaye akaajiriwa kushughulikia majitaka ya jiji hilo. Kazi hiyo haikuwa ya kuonewa wivu. Manchester ilikuwa imejaa viwanda, mito yake ilinuka, na mfereji wa meli uliofunguliwa mwaka wa 1894 ulipokea maji kutoka mtambo wa Davyhulme uliokuwa umeanza kazi mwaka uo huo. Tope lililobaki lilipakiwa melini likatupwe baharini. Vichujio vya mawe navyo vilidai ardhi kubwa, na ardhi ya mjini haipatikani kwa urahisi.

Wengi walikuwa wamejaribu kuyapuliza majitaka hewa, wakakata tamaa kwa jinsi kazi hiyo ilivyokwenda polepole. Mwaka wa 1912 Fowler alikwenda Marekani kutoa ushauri kuhusu uchafuzi wa bandari ya New York, akapitia kituo cha utafiti cha Lawrence, jimboni Massachusetts. Huko alionyeshwa majaribio ya majitaka yaliyopulizwa hewa yakasafika. Aliporejea aliwaagiza Edward Ardern na William Lockett wa Davyhulme wayarudie. Yeye mwenyewe, ajabu ni kwamba, alikuwa ameweka matumaini yake kwa bakteria mmoja aliyemwita M7, aliyehitaji hewa na chumvichumvi za chuma.

Vijana hao walijaza majitaka katika chupa zilizokingwa na mwanga, wakapuliza hewa. Mara ya kwanza ilichukua takriban wiki tano. Ndipo walipofanya jambo ambalo waliotangulia hawakulitilia maanani: walimimina maji safi, wakaliacha tope chini, wakaongeza majitaka mapya. Kila waliporudia, tope liliongezeka na muda ukapungua, hadi kazi ya wiki tano ikamalizika chini ya siku moja. Kumbe lile tope lililokuwa likitupwa ndilo lililokuwa jeshi lenyewe la bakteria! Ardern na Lockett waliisoma makala yao mjini Manchester mnamo Aprili 3, 1914, wakamshukuru Fowler kwa kuwapa wazo.

Kutoka chupa hadi birika kubwa palikuwa na safari. Maji hayapokei oksijeni nyingi. Katika nyuzijoto 20 hushika takriban miligramu 9 tu kwa lita, na bakteria huimaliza upesi. Isitoshe, hewa hiyo hiyo ndiyo inayolizuia tope lisitue. Mapovu madogo huyeyusha oksijeni vizuri zaidi kuliko makubwa, lakini vigae vya vinyweleo vinavyoyatoa huziba, na pampu hula nguvu nyingi. Mjini Sheffield walitumia makasia ya kuyazungusha maji badala ya kupuliza. (Mabwawa ya Ruai, yanayopokea majitaka ya Nairobi, yalibuniwa kuliachia jua na mwani jukumu hilo, ila yanataka ardhi tele.)

Fedha nazo zilizua kesi. Kampuni ya Jones and Attwood ilijipatia hataza, na jiji la Milwaukee, lililofungua mtambo wake mwaka wa 1925, likashtakiwa kwa kuzikiuka. Mwaka wa 1934 mahakama ya rufaa iliafiki kwamba fidia ilistahili, lakini ikakataa kuufunga mtambo, kwa kuwa majitaka ghafi yangemiminika katika Ziwa Michigan.

Wakati huo Fowler alikuwa mbali. Mwaka wa 1916 alihamia Bangalore, India, akawa profesa wa biokemia katika Taasisi ya Sayansi ya India. Huko fikira zake ziligeukia yale ambayo wahandisi wengi waliyaona kuwa uchafu tu. Alishikilia kuwa nitrojeni iliyomo katika kinyesi na takataka ni mali ya mkulima, na mwaka wa 1934 akachapisha kitabu kuhusu jinsi ya kuihifadhi na kuirejesha shambani. Alifariki mwaka wa 1953.