Mshipi, Koti na Usinga: Mavazi ya Jomo Kenyatta

Mvulana aliyejiunga na misheni ya Thogoto, magharibi mwa Nairobi, mnamo mwaka 1909 aliitwa Kamau wa Ngengi. Wamisheni walimfunza kusoma na useremala, wakamvisha nguo zao. Alipobatizwa mwaka 1914 akavikwa na jina pia: Johnstone. Tangu hapo, jina na vazi viliandamana maishani mwake.

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alikaa kwa muda Narok, miongoni mwa Wamaasai. Miaka hiyo ndiyo aliyoanza kuvaa mshipi wa shanga, ambao Wakikuyu huuita kinyata. Mnamo 1922 aliajiriwa na Manispaa ya Nairobi kusoma mita za maji. Karani huyo alivaa Kizungu, lakini kiunoni alijifunga mshipi wake. Duka lake la Dagoretti aliliita Kinyata Stores, na haukupita muda mrefu kabla mshipi haujawa jina la mtu.

Alikwenda London mwaka 1929, akarudi huko mwaka 1931 na kukaa miaka kumi na mitano. Ughaibuni ndiko vazi lilikomtahini kwelikweli. Kwa kutafuta riziki alishiriki, bila kuwa na nafasi kubwa, katika filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935, iliyousifu utawala wa Waingereza barani Afrika. Huko alivishwa Uafrika uliobuniwa na wengine. Miaka mitatu baadaye alichapisha Facing Mount Kenya, na katika picha ya kitabu hicho amejitanda vazi la manyoya, akigusa ncha ya mkuki. Hilo nalo lilikuwa igizo, la hasha hatuwezi kulikana, ila safari hii mwigizaji ndiye aliyejichagulia vazi. Jina jipya lililokuwa jaladani lilikuwa Jomo.

Aliporejea nyumbani mwaka 1946 alikuwa na ndevu, na koti la ngozi likawa alama yake. Kwa koti hilo alipigwa picha katika kesi ya Kapenguria, iliyokwisha Aprili 1953 kwa hukumu ya kifungo cha miaka saba.

Alipoachiliwa mwaka 1961, Wakenya walimwona mzee mwenye usinga mkononi. Mswahili wa pwani huenda alimkumbuka mganga. Wa bara alimwona mzee wa baraza. Kichwani mara nyingi alivaa kofia ya shanga ya Waluo, kabila la Jaramogi Oginga Odinga, aliyekataa kushiriki serikali yoyote kabla Kenyatta hajawa huru. Kofia ile ilizungumza muungano ambao hotuba nyingi zisingeweza kuueleza. Hata hivyo, shanga hazikuweza kushona ufa wa siasa: Odinga alijiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966, na mwaka 1969, baada ya maafa ya Kisumu, akatiwa kizuizini na serikali ya mzee yuyo huyo.

Katika miaka ya urais Kenyatta alizoea suti, aghalabu yenye ua la waridi kifuani, huku usinga ukiwa bado mkononi. Alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, akazikwa katika viwanja vya Bunge, katikati ya jiji ambalo aliwahi kulizunguka akisoma mita, mshipi kiunoni.